Nani Amekaa Karibu na Nani

Mjukuu wangu aliacha kula siku ya Jumanne, na mimi ndiye niliyemponza. Naliandika hilo mbele kabisa, kwa sababu watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wananijua kwa kujisifu, na safari hii sitaki mtu adhani nimekuja kujisifu tena.

Ila lazima nijisifu kidogo, la sivyo hamtaelewa. Mimi nilisoma miaka mitatu tu kule kwetu Fizi, nikatolewa shuleni kwenda kulima mihogo. Mama wa mjukuu huyu alifika sekondari, vita vikamkata njiani, sasa ni marehemu. Huyu msichana nilivuka naye ziwa nimemfunga mgongoni kwa kitenge, analia kama ametumwa kutuitia askari. Leo anasoma hesabu. Si hesabu za sokoni. Hesabu zake hata namba zenyewe hazionekani, ni herufi na mishale tupu, ukurasa mzima unaona kama sisimizi wamekanyaga wino. Chuo alikimaliza humuhumu kambini, kwa kompyuta ya kuazima na umeme wa kubahatisha. Mwaka huu ikatangazwa nafasi ya kuendelea juu, kwenye chuo kimoja cha Lilongwe, kila kitu kimelipwa. Nafasi moja, si mbili. Kila mwombaji apeleke kazi aliyoiandika, halafu aje asimame mbele ya waalimu watatu aitetee. Siku yake ilikuwa Ijumaa. Kibali chetu cha kutoka kambini kiliandikwa Alhamisi na Ijumaa, basi.

Mimi ni fundi wa kushona. Nashona sare za kwaya na za akina mama wa kanisa. Yeye hukaa chini karibu na cherehani, mimi nakata, yeye anaandika. Siku moja, miezi mingi kabla ya Jumanne hiyo, nilimuuliza anaandika nini.

"Koko, sikiya," akasema. Koko kwetu ndiye bibi. "Kundi ni sawa familia yenye inajua kujumlisha. Unabeba wawili, unajumlisha, unapata mwingine wa mulemule ndani. Hata utangulize huyu ao ule, jibu ni moja. Na kuko sifuri, ule hafanyi kitu."

"Kila familia iko naye, ule hafanyi kitu."

Akacheka. "Na hizi zangu haziishake. Hazina mwisho."

"Mungu wangu. Nani anazilisha?"

"Acha, Koko. Sasa mutu anakuya, anakuficha kujumlisha. Hauone tena nani na nani banazaa nani. Anakuachiya ukaribu tu: nani iko karibu na nani. Wewe, kwa ukaribu tu, unaweza kujua ile familia ilijengwa namna gani?"

Nikamuuliza namba inakaaje karibu na nyingine kama si majirani zake wa kuhesabu. Akaniambia nifikiri saa nyingi za ukutani, kila moja na mwendo wake. Unazisukuma hatua tano, unaangalia mishale. Unazisukuma hatua elfu, unaangalia tena. Kama saa ulizochagua zote zinaonyesha karibu mahali pamoja, basi hizo namba mbili ni watu wa karibu, hata kama wakati wa kuhesabu zimeachana mbali.

Nikaweka mkasi chini. "Hiyo ni matanga," nikasema. "Hiyo hata sikusomea."

Kwetu mtu akifa, kukaa si kukaa tu. Kuna anayekaa kichwani kwa maiti, kuna wa miguuni, kuna wa mlangoni, kuna anayebaki nje na kuni. Nikamwambia mimi nikiingia kwenye matanga, kabla sijavua viatu nimeshajua nani mume, nani shemeji, nani amekuja kula. Kwa kuangalia tu nani amekaa karibu na nani. "Andika hivyo, ukaribu unasema kila kitu. Koko yako ni shahidi."

Sasa kosa langu lenyewe ni hili. Kazi yake wakati huo ilikuwa juu ya makundi ya aina fulani tu. Yale ambayo kila mmoja wao, ukimjumlisha na yeye mwenyewe mara mbili, anarudi sifuri. Na yale ambayo kila mmoja anarudi mara ya tatu. Alikuwa ameshaonyesha, kwa njia yake mwenyewe, kwamba hizo aina mbili ukaribu wake hauwezi kufanana hata ufanyeje. Ukaribu ulikuwa unazitoboa siri. Kazi ilikuwa imekwisha na ilikuwa nzima. Mimi nikaiangalia kama mtu aliyetumwa shamba zima akarudi na mhogo mmoja.

"Miaka yote hii, macho yameisha, juu ya familia za namna mbili?"

"Ni mwanzo, Koko."

"Nani atampa nafasi mutu wa kusema 'baadhi tu'? Andika yote. Makundi yote."

Hakuandika kwa sababu yangu tu, si mjinga. Lakini mtoto anasikia. Baada ya wiki nyingi akaniambia ameona njia, anafikiri ni yote kweli. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Jumapili wakati wa matangazo nikasimama kanisani bila kuitwa, nikasema mjukuu wangu amegundua siri ya makundi yote yasiyo na mwisho. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejua amepigia nini. Mimi pia sikujua, ila nilikaa chini mabega yamenipanda masikioni.

Halafu ndiyo Jumanne. Mwalimu mmoja kati ya wale watatu alimwandikia ujumbe kwenye simu, mistari michache tu. Mtoto akaisoma amesimama mlangoni, akaingia, akakaa sakafuni katikati ya vifungo vyangu vya sare. Nikadhani kuna mtu amekufa.

"Koko, leta maharagwe."

Nikamletea sahani ya maharagwe makavu. Akayapanga mstari: hili sifuri, hili moja, hili mbili, na yale ya chini ya sifuri upande wa pili. "Haya ni namba zote. Sasa kuko saa yenye alama mbili tu." Akayatenga: shufwa kwenye kipande kimoja cha kitambaa, witiri kwenye kingine. "Hii saa inaweka ukuta. Hawa na hawa si wa karibu tena. Na kila kitambaa, kwa ukaribu wake, ni sawa na mustari muzima wa mwanzo."

"Nimeona."

Akaacha vile vitambaa viwili, akatandika vingine viwili. Safari hii alipanga mstari mzima wa maharagwe kwenye kila kimoja, na kila haragwe akaliwekea kifungo. Kitambaa cha kwanza vifungo vimeangalia juu, cha pili vimegeuzwa mgongo. "Kundi lingine. Ukijumlisha, maharagwe yanajumlishwa, na migongo miwili inakuwa uso. Hapa pia ni vitambaa viwili, kila kimoja sawa na mustari muzima. Ukaribu ni uleule."

"Basi ni familia moja."

"Beba sifuri yenye kifungo cha mugongo. Ijumlishe na yenyewe."

Nikafanya. Sifuri na sifuri ni sifuri, mgongo na mgongo ni uso. Likarudi mwanzo kabisa.

"Sasa unitafutie kule kwa mustari wa kwanza haragwe moja, si sifuri, yenye kufanya vile."

Nikatafuta. Moja na moja, mbili. Mbili na mbili, nne. Upande wa chini vilevile, yanazidi kwenda mbali. Nilitafuta mpaka mwisho wa mstari, kana kwamba nikilipata moja tu mtoto wangu atapona. Halikuwepo.

"Ukaribu moja, familia mbili," akasema. "Yote si yote, Koko. Kazi imekufa."

Sahani ya jioni haikuguswa. Asubuhi uji haukuguswa. Jumatano nzima alilala ameangalia ukuta, nami nikafanya kila ujinga ambao mwanamke anaweza kuufanya. Niliomba kwa sauti. Niliita mashemasi wawili waje waombe kwa sauti kubwa zaidi. Nilimwambia aseme kompyuta ilikosea. Nilimwambia labda waalimu wengine wawili hawajaona, atetee tu hivyohivyo, akaze macho.

"Koko, njo namna gani nidanganye bantu bameshika jibu mukononi?"

"Basi nipe simu nimpigie huyo mwalimu. Nitamlilia."

Akaificha simu chini ya mgongo wake. Akasema haendi Lilongwe. Nikachukua gauni lake la bluu nikalipiga pasi, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko. Nikasema kama haendi, nitakwenda mimi nisimame mbele ya waalimu.

"Utasema nini?"

"Nitasema yote!"

Ndipo akalia. Sikuwahi kumsikia akilia vile tangu mgongoni kwangu. Nilibaki nimeshika mfuko kama mwizi.

Alhamisi tuliondoka. Alikwenda kwa sababu nilimwambia kibali hakitangoji, na kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana. Tulifikia Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, kwa mama mmoja wa Uvira aliyekuwa jirani yetu kambini kabla hajaolewa na Mmalawi. Ni mwanamke wa kicheko kikubwa, akicheka kuku wanahama. Alituwekea nsima, ugali wa huku, na dagaa, akamwona mtoto anaiangalia tu nsima kama ukuta.

"Huyu anangonjwa?"

"Ni masomo," nikasema. "Anasoma ukaribu. Nani iko karibu na nani."

Afadhali ningekufa kabla sijalisema neno hilo. Yule mama akapiga paja. "Ukaribu! Na we njo ulimufundisha? Bamama, mukuje musikiye! Koko yako hajakuelezaka vile alipatiaka bibi ya mutu bwana mupya?"

"Nyamaza," nikasema.

"Kwa matanga! Mbele ya pasta!"

"Nyamaza, nimesema."

Mtoto akageuza kichwa. Siku mbili hakuwa amegeuza kichwa kwa jambo lolote. "Ilikuwa namna gani?"

Basi yule mama akasimulia, na mimi nikakaa palepale nikisikiliza uchi wangu. Alikufa mwanamke mmoja wa mstari wetu wa nyumba. Kichwani kwake alikaa mwanaume, ameshika shavu la marehemu, analia kwa sauti ya ng'ombe. Mimi nikapewa heshima ya kutoa shukrani. Nikasimama, nikaangalia nani amekaa karibu na nani, nikasema: tunamshukuru huyu mume, aliyemtunza mke wake mpaka dakika ya mwisho. Watu wote wakageuka nyuma. Kule mlangoni, nyuma ya wabeba kuni, akasimama mwanaume mwembamba mwenye vumbi la safari. Akasema, "Mama, bwana yake ni mi." Alikuwa ametoka kambi ya nchi nyingine, hawakuonana miaka, hakuthubutu kusogea. Yule wa kichwani alikuwa mtu tu ambaye marehemu alikimbia naye njia moja kutoka Uvira. Hakuwa ndugu, hakuwa kitu. Nilitoka nimesahau viatu.

"Mpaka leo viatu biko kule!" yule mama akamalizia, anajifuta machozi ya kucheka.

Mtoto hakucheka. "Koko. Ilikuwa mwaka gani?"

"Zamani. Hujaanza sekondari."

"Kwa hiyo uliijua. Siku ile ya mkasi, uliijua hii tayari, na bado ukaniambia ukaribu unasema kila kitu."

"Niliijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Nilitaka kumjibu vizuri. "Aibu," nikasema. "Nilitaka unione mtu wa kujua."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. Yule mwenyeji wetu, sasa amegundua ameangusha kitu, akajaribu kunipamba. "Lakini kwa zamu ya chungu hatukuwahi kumushika na kosa Koko yako! Unajua vile tulikuwa tunapika kwa matanga? Upande wetu nyumba tatu tatu zinapokezana chungu, upande ule mbili mbili. Kama chungu hakirudi kwako siku ya tatu, Koko anakuya anasimama mulangoni: nani amekula zamu ya mwenzake? Kwa kuangalia tu moshi wa nyumba anajua ile upande ni ya mbili ao ya tatu."

"Kwa sababu kila chungu kilikuwa lazima kirudi," nikasema kwa sauti ndogo. "Mahali kila mtu anarudi kwa hesabu moja, hawezi kunificha kitu."

Mtoto akanigeukia. "Hiyo najua, Koko. Hiyo nilikuwa nayo. Makundi ya mara mbili, makundi ya mara tatu. Njo kazi yangu ya kwanza." Akasukuma sahani. "Ulisema ni kidogo."

Hapo ndipo nililia mimi. Yeye akaomba karatasi. Alikaa kizingitini kwa yule mama mpaka jua lilipokwisha, akaandika upya kwa kumbukumbu ile kazi niliyoicheka, watoto wa Chinsapo wanaruka kamba juu ya kichwa chake. Nsima haikuguswa hata siku hiyo.

Asubuhi ya Ijumaa tulipita chini ya Capital Hill, wafanyakazi wa wizara wanashuka kwenye magari yao wamepiga pasi mpaka soksi. Mtoto alikuwa na gauni la bluu na midomo mikavu. Mlinzi wa chuo akanionyesha benchi: "Agogo, khalani apa, zikomo." Nikakaa. Mlango ukafungwa.

Yaliyotokea ndani nayajua kwa kusimuliwa. Aliingia, akasalimu, na kabla hawajamuuliza neno akasema: kichwa cha kazi niliyowaletea ni uongo, naomba kukifuta. Akawachorea wale mashahidi wawili wa kumshtaki, namba tupu na namba zenye vifungo, vizuri kuliko mwalimu mwenyewe alivyoandika. Kisha akasema kilichobaki hai ni hiki, akawaonyesha ya mara mbili na ya mara tatu. Walimuuliza maswali muda ambao mimi nilihesabu vigae vyote vya ukumbi ule mara nyingi, kila mara nikipata jibu tofauti. Mwalimu aliyeandika ule ujumbe aliinuka akasogea ubaoni kusoma kwa karibu. Akasema, njia hii ni nzuri, na ni ya kwako.

Nafasi hawakumpa.

Walimwita tena saa nane wakamwambia bila kuzungushazungusha. Wanapima kazi iliyotumwa, na iliyotumwa inasema yote. Ametokea mwingine ambaye kazi yake ndogo imesimama kuanzia mstari wa kwanza. Nafasi ikitangazwa tena, aombe. Ikitangazwa. Hakuna aliyesema itatangazwa.

Alitoka akaniambia palepale, kabla sijainuka vizuri kutoka kwenye benchi.

"Kama ningenyamaza siku ile," nikasema. "Kama ungepeleka ile ya kwanza."

Angeweza kunidanganya. Wajukuu wengine wangenidanganya. "Ningeingia na kintu kizima, Koko," akasema.

Tulitembea mpaka soko la Chilinde kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa. Pembeni ya soko mwanamke alikuwa anapakua nsima na maharagwe. Mtoto akasimama. Akaomba sahani moja, akanawa, akakaa kwenye kreti ya soda, akala. Alikula kwa kumega tonge kubwakubwa, anatafuna huku machozi yanashuka hayafuti, akamaliza, akaomba nyingine. Hiyo ya pili akanisogezea.

"Kula."

"Siwezi, mama."

"Kula, Koko. Kibali kinaisha leo, sitakubeba mimi mpaka Dzaleka."

Nikatia tonge mdomoni. Niliangalia maharagwe kwenye mchuzi, na kila nililoliona nililijumlisha na lenyewe nione kama litarudi sifuri.

Jumapili nilisimama tena wakati wa matangazo. Nikasema: yale niliyowaambia juu ya mjukuu wangu si kweli. Si makundi yote. Ni baadhi. Yote ilikuwa ya kwangu, baadhi ni ya kwake, na ya kwake njo ya kweli. Mama mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti, "Na nafasi?" Nikasema hakupata. "Kumbe hata we unakoseaka?" akasema, na watu wakacheka, na mimi nikabaki nimesimama mpaka walipomaliza, kwa sababu safari ile ya matanga nilikimbia.

Mtoto hakuwepo kusikia. Alikuwa nyumbani sakafuni, karibu na cherehani. Nilipoingia nikakuta anaandika upya ukurasa wa kwanza. Amevichukua vifungo viwili vya sare ya mteja wangu, kimoja amekilaza uso, kimoja mgongo, amevitumia kuzuia karatasi isipeperuke. Sare inatakiwa kesho. Sikuvidai.